Juma Moja Ndani ya Nguo za Watu

Jumapili, 2 Novemba

Siku mbaya. Nimeamka mtanashati, nalala nimelaaniwa. Nitaeleza kwa utaratibu, maana shajara ndiyo pekee isiyonikatiza humu ndani.

Kwanza, koti. Sufu ya kijivu, vifungo vya pembe. Lililetwa Ijumaa na bibi kizee nisiyemjua, akaomba lipigwe brashi na pasi. Sasa, dobi yeyote atakayekwambia hajawahi kuvaa nguo ya mteja ni mwongo. Nguo inaning'inia kwetu siku tatu bila kazi, na mimi nina mabega. Nikalivaa kwenda karamu ya harusi ya binti wa mwokaji. Nilipendeza! Nilijitazama kwenye sinia mara mbili.

Bibi kizee alikuwepo. Nani alimwalika? Alinijia nikiwa na keki mdomoni, akashika ukosi, akaugeuza, akauona uzi wa kijani. Ni sisi tunaoshona uzi huo: kila mteja na rangi yake, ili nguo zisichanganyike. Nimejikamatisha kwa sindano yangu mwenyewe. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri apige. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa kuwa napenda sana kuvaa nguo za watu, basi tangu sasa nitazivaa pamoja na vilivyomo. Akasema atalifuata koti Jumapili ijayo. Akaondoka amevaa gauni jepesi tu, kwenye baridi ile.

Nilicheka. Kisha nikaacha, kwa sababu magoti yaliniuma. Magoti ya miaka themanini! Na kitu kingine kibaya zaidi ya magoti: hamu kubwa kwamba mtu, mtu yeyote, aniulize nimelalaje. Nilitaka kulia mbele ya keki. Nikavua koti. Kimya. Hakuna magoti, hakuna hamu. Nikavaa tena. Magoti! Nikavua, nikarudi nyumbani na shati tu, meno yanagongana.

Dada aliniuliza nina nini. Nikamwambia baridi. Yeye anakohoa tena. Tabibu alimwambia Alhamisi kwamba ni mvuke wa mapipa ya kuchemshia nguo, umemwingia kifuani miaka yote hii, na akikaa nao msimu mmoja zaidi wa mvua hatauona mwisho wake. Aende milimani kwa Shangazi, kwenye hewa kavu. Gari la farasi la barua linapanda Jumapili ijayo asubuhi, la mwisho kabla matope hayajafunga njia. Dada ameshafunga sanduku. Hakuna aliyeuliza mimi nitafanyaje.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefanya majaribio. Suruali ya mwalimu: njaa. Njaa tupu, na yeye hupita hapa kila asubuhi akininyanyulia kofia kama mtu aliyeshiba mayai! Gauni la mke wa mwokaji (nimelitupia mabegani tu, nina heshima zangu): wasiwasi juu ya binti aliyeolewa jana, mzito kuliko gunia la unga. Joho la hakimu: nyuso za watu aliowafunga, zimepangwa mstari, zote zinamtazama. Nimelivua mbio. Soksi za mtoto mchanga, nimezivalisha vidole gumba: furaha ya ajabu, halafu hasira, halafu usingizi. Nimelala sakafuni saa nzima na vidole juu. Dada amenifunika taulo.

Hitimisho la kwanza: watu wana hali mbaya sana. Hitimisho la pili: si kosa langu.

La tatu ndilo lenye maana. Dobi wa jumba la mfalme ameacha kazi, macho yamemwishia. Msimamizi wa jumba anatafuta mwingine na atatangaza Jumapili. Mashuka mia mbili kila juma! Foronya za hariri! Vitambaa vya meza! Tunaogombea ni wawili, mimi na Povu. Povu ni dobi wa ng'ambo ya barabara. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata mkewe amelisahau. Ana tumbo, ana mluzi, ana wateja. Mwezi mzima Msimamizi amekuwa akituletea nguo zake mwenyewe kwa zamu, kutupima mkono.

Sasa nikiingia ndani ya suruali ya Msimamizi, nitajua anataka nini kabla hajaniambia. Povu atabaki na mluzi wake. Na yule bibi alidhani ananiadhibu!

Tatizo ni moja tu. Mashuka mia mbili yanataka mikono, na mikono inayofua hapa ni ya Dada. Mimi ni mtu wa pasi na wa kuongea na wateja.

Jumanne, 4 Novemba

Mgongo umenikaza. Yaani, nimeamua umekaza. Nimeanguka kitandani saa mbili asubuhi kwa kelele ya wastani.

Mpango ni mzuri. Dada hawezi kumwacha mgonjwa. Amenilaza kifudifudi, amenisugua mafuta ya moto, akasimama katikati kukohoa, akaendelea kusugua. Ana mikono mizuri kwa kazi hiyo. Baadaye amepiga pasi zangu na kufua zake. Namsikia ukutani anakohoa, anapumzika, anakohoa. Inachosha kusikiliza.

Jioni ameketi ukingoni mwa kitanda. Akaniuliza kama nitakuwa nimesimama ifikapo Jumapili. Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Akasema Mama alipokuwa anakata roho, mimi nikiwa na miaka sita na yeye kumi na mitano, alimwahidi kwamba sitaachwa peke yangu. Kwa hiyo hatapanda gari lile mpaka niseme mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba nitaweza. Hataki barua wala zawadi. Neno moja tu: nitaweza.

Nikaguna. Kuguna si neno.

Kasoro moja ya siku. Nje palisikika kicheko cha Msimamizi mlangoni kwa Povu. Msimamizi, ambaye hacheki! Nikaruka mpaka dirishani. Nilipogeuka, Dada alikuwa mlangoni na uji. Nikamweleza kwamba maumivu yalinirusha. Ameweka bakuli mezani na kunipa kijiko.

Jumatano, 5 Novemba

Mchana Povu huenda kula. Aproni yake huiacha kwenye kamba ya mbele, mtu asiyejua dunia. Nimevuka barabara nikichechemea (mgongo), nimerudi nayo kwangu chini ya shati. Nia: kujua anaficha nini. Kila mtu anaficha kitu. Ugonjwa, hofu, mwanamke wa pili. Ningekipata, ningekipeleka kwa Msimamizi kabla ya chai.

Nimevaa. Nimesubiri siri. Nimesubiri sana. Hakuna!

Mtu yule ana furaha. Basi, ndiyo siri yenyewe. Anapenda harufu ya sabuni. Anapenda sauti ya mkewe akimwita kula. Anapenda shati linaponyooka chini ya pasi. Na hili ndilo lililonichoma: ananipenda mimi! Ananionea huruma, anadhani niko mpweke. Povu! Anionee huruma mimi!

Ningevua palepale, lakini aproni ilikuwa tamu. Nikajikuta napiga mluzi. Nikajikuta nje, nambebea jirani mjane ndoo zake mbili mpaka jikoni. Nikarudi, nikaingia chumba cha mapipa, nikamtoa Dada shuka mkononi na kumwambia aketi. Akaketi. Alinitazama kama mtu anayeona jua mwezi wa mvua. Nimefua mashuka sita, kwa mikono yangu, nikiimba. Nimemsimulia kichekesho cha hakimu na mbuzi. Amecheka mpaka amekohoa, akakohoa huku bado anacheka.

Kisha Povu mwenyewe akasimama mlangoni kutafuta aproni yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakukasirika, mshenzi yule. Alisema imenipendeza kuliko yeye, na kwamba nikiihitaji niazime tu, jirani ni jirani. Nikaivua. Mara nikaona mikono yangu: myekundu, imekunjamana, inawasha kwa magadi. Nilikuwa nafanya nini?

Hapo Dada akauliza, macho yake yote yakiwa juu yangu, kama basi mgongo umepona. Sikuwa na la kufanya. Nilianguka. Nilianguka vizuri, upande wa kushoto, juu ya rundo la taulo.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya ushindi!

Suruali ya Msimamizi, nyeusi, uzi mwekundu. Nimeivaa nyuma ya pazia nikitegemea kukuta upendo wa wanga mwingi na mikunjo iliyonyooka. Nimekuta jino. Gego la nyuma, kushoto, linapiga kama nyundo. Na nyuma ya jino nimekuta nyumba tupu. Mkewe alifariki mvua za mwaka jana. Anawahi jumbani alfajiri kwa sababu kwake hakuna sauti. Kila asubuhi bado anatoa vikombe viwili, anaduwaa, anarudisha kimoja. Nimeketi sakafuni kwa muda. Kisha nimevua, nimejifuta uso, nimeanza kazi.

Alipokuja kuchukua suruali nilimkabidhi taratibu, nikasema, bila kuulizwa, kwamba kilicho kigumu zaidi ni asubuhi, mtu anapojikuta ametoa vikombe viwili. Mtu mrefu vile, mkavu vile, aliketi juu ya kapu la nguo chafu! Nikasema mimi pia nilifiwa na mke. (Sijaoa. Nilikaribia mara moja, akabadili mawazo.) Nikatoa chozi moja la kazi. Halafu nikamshauri aweke karafuu kwenye gego la kushoto. Alinikodolea macho kama nimetoka mbinguni.

Amesema mtu mwenye moyo wa namna hii ndiye anayefaa kushika mashuka ya nyumba ya mfalme. Kutangaza ni Jumapili, lakini nijihesabu nimepata.

Dada alisikia habari za marehemu mke wangu kupitia ukutani. Alitokeza, akanitazama kwa muda, akarudi kwenye mapipa.

Saa kumi Msimamizi alirudi na kitu ndani ya karatasi, amekikumbatia kifuani. Foronya. Ya mkewe, ya usiku wake wa mwisho. Mwezi uliopita aliidondoshea nta ya mshumaa pembeni, tone moja. Hajathubutu kumpa mtu yeyote. Aliomba niondoe nta tu. Nta peke yake, akarudia, na mengine niyaache kama yalivyo. Niliweka mkono kifuani nikaapa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwambia Dada habari za jumba. Mashuka mia mbili, kuanzia Jumatatu! Akanipongeza. Akasema Mama angefurahi. Nikadhani yameisha. Akasema basi kwa kazi kubwa hivyo naweza kumchukua mfuaji, yule mjane jirani anatafuta kazi na ana nguvu, na yeye ataondoka kwa amani nikisema lile neno.

Mjane! Mtu baki katika mapipa yangu! Angetumia sabuni kama maji. Dada hutumia kipande mpaka kinabaki kama ukucha. Nikashika kiuno, nikatoa mlio wa aina mpya, niliokuwa nauweka akiba. Dada alienda chumbani kwake. Nilichungulia. Alifungua sanduku, akatoa gauni moja, akalitundika ukutani mahali pake. Moja tu. Lakini ni mwanzo mzuri.

Sasa foronya. Nta imetoka kama mchezo: karatasi juu, karatasi chini, pasi ya uvuguvugu. Kazi safi. Tatizo ni kilichobaki. Ya manjano! Pale kichwa kilipolalia kuna kivuli cha mafuta ya nywele kikubwa kama sahani. Dobi mtarajiwa wa mfalme arudishe kitu cha namna hiyo? Povu akikiona je? Nilijaribu kuiacha. Niliizunguka mara tatu. Mikono iliniwasha.

Nimeichemsha kwa magadi. Maji mawili. Bluu ya nguo kidogo, wanga kidogo, jua la saa sita. Imekuwa nyeupe mpaka inaumiza macho! Haina harufu yoyote, hata ya sabuni. Miaka kumi sijafua kitu vizuri hivi. Atapiga magoti.

Jumamosi, 8 Novemba

Msimamizi alikuja saa tatu asubuhi. Nilimpa foronya kwa mikono miwili. Aliifungua. Akaiweka usoni. Akasimama. Akaigeuza, akanusa upande mwingine, akanusa pembe moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko yake yote. Kisha akaikunja, vibaya, akaondoka. Kofia ameisahau kwenye kapu.

Je, ameguswa? Amekasirika? Labda hapendi wanga. Sikuweza kukaa na mashaka hayo. Nikakumbuka katika furushi lake la juzi kulikuwa na sweta la sufu, la kijivu. Nikaingia chumba cha mapipa. Mvuke mzito, huoni uzi wala kidole. Nikapapasa kambani, nikashika sweta la sufu, la kijivu, nikaenda nalo nyuma ya mlango, nikalivaa.

Halikuwa la Msimamizi.

Kifua kwanza. Hewa inaingia nusu, inagota. Unangoja. Unaivuta kidogo tena, kwa hila, ili kikohozi kisisikie. Ngazi zetu ni tisa na kila moja ina jina la maumivu yake. Leso anayotumia ni nyeusi, ili nisione damu. Na hofu. Sikujua Dada ana hofu! Anaogopa kufia katika chumba kile, katika mvuke, shuka la mtu mkononi. Halafu milima. Ameiota mpaka ameichakaza. Anajiona ameketi kibarazani kwa Shangazi, kwenye kiti, hafanyi chochote, mikono yake imekauka. Ndoto nzima ni hiyo tu: mikono iliyokauka.

Na anajua. Anajua habari za mgongo! Amejua tangu Jumanne, tangu dirishani. Hasemi kwa sababu anangoja niseme mwenyewe. Nilitafuta kinyongo. Nilikitafuta kila mahali ndani ya sweta lile, ningekipata ningepumua. Hakuna. Kuna mtoto wa miaka sita, amevaa viatu kinyume, amesimama kando ya kitanda cha Mama. Dada akinitazama mimi, mtu mzima na ndevu zangu, humwona huyo. Anamwonea huruma. Anashindwa kumwacha.

Nimelia. Machozi ya kweli, si yale ya Alhamisi. Nimelia juu ya kapu mpaka mguu umekufa ganzi. Naandika haya sweta likiwa mwilini, kwa makusudi, nisije nikapoteza hata chembe. Nimekuwa mtu wa aina gani? Miaka yote hii amekunywa mvuke ili mimi nisimame mbele na kutabasamu kwa wateja. Kesho asubuhi nitalibeba sanduku lake mimi mwenyewe, kichwani. Nitasema: nitaweza, Dada, nenda. Nimeshajizoeza kwa sauti. Si gumu. Ni neno fupi. Mjane ataanza Jumatatu, na kama jumba la mfalme halitaki, lisitake!

Sweta limelowa machozi na linawasha shingoni. Nalivua kidogo tu, ninawe uso.

Baadaye. Nimenawa. Nimekula. Lo, nimeandika mengi hapo juu! Nisikurupuke. Nimelirudisha sweta kambani. Nitaamua asubuhi nikiwa na akili zangu.

Jumapili, 9 Novemba

Honi ya gari la barua ilipigwa saa moja. Dada alikuwa mlangoni, amevaa viatu vilivyong'aa na sweta lake, sanduku miguuni. Gauni la ukutani alikuwa amelirudisha ndani. Akanitazama.

Nilifungua mdomo. Iandikwe kwamba nilifungua mdomo! Lakini neno lililokuwa jepesi jana lilikuwa limekauka. Badala yake yalinijia mashuka mia mbili. Yalinijia maji baridi ya alfajiri, na nani atapika, na nani atanisugua mgongo nikiumwa kweli siku moja. Laiti ningekuwa na sweta lile dakika mbili tu, ningesema. Lakini alilivaa yeye. Naweza kulaumiwa kwa hilo?

Nikauliza kama chai iko tayari.

Mwendeshaji aliita mara mbili. Dada hakugeuka. Alisimama akinitazama mpaka magurudumu yakapinda kona, akaendelea kusimama hata baada ya sauti kwisha. Kisha akavua viatu, akavipanga kando ya sanduku, akaenda kuteka maji ya chai.

Saa sita tarumbeta ya jumba. Povu! Wamempa Povu! Msimamizi hakuja hata mwenyewe, ametuma mtu kuchukua kofia. Dhuluma! Nani mwingine angeifikisha foronya kwenye weupe ule? Povu alivuka barabara kunipa pole. Akasema kazi ni nyingi kwake, tugawane nusu kwa nusu. Nikamfungia mlango. Akauliza kupitia mlangoni, kwa sauti ya wasiwasi, kwa nini Dada hajaondoka. Anamhusu nini?

Alasiri akaja bibi kizee. Nilimpa koti lake, limepigwa brashi, halina kosa. Akaniuliza nimeona nini juma hili. Nilimtolea hotuba nzuri sana: mateso ya binadamu, mzigo anaobeba kila apitaye, na kadhalika. Ilinigusa hata mimi mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, lakini macho yake yalinipita, yakaenda mpaka kwa Dada aliyekuwa anainamia pipa. Akasema uwezo ule wa kuona aliniazima kwa juma moja tu, na muda umekwisha. Kilichobaki ndani yangu kitakaa, na kama hakikubaki, yeye hana dawa nyingine. Alimwendea Dada, akamshika shavu, akamwuliza amelalaje. Halafu akaenda zake. Hata asante ya koti hakunipa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua imeanza alfajiri. Wanasema njia ya milimani imeshakatika mahali pawili, haitafunguka kabla ya miezi mitatu.

Mgongo umepona kabisa. Nimeamka saa nne. Mara nikakumbuka, nikakimbilia nguo. Suruali ya mwalimu: kitambaa. Joho la hakimu: kitambaa, kwapani limeisha. Soksi za mtoto: vidole gumba vyangu na hakuna zaidi. Nimepona! Juma zima nimebeba mizigo ya mji mzima, na leo nimebaki na yangu tu. Sijui kwa nini sikumlipisha bibi yule.

Somo nimelipata, na naliandika hapa nisilisahau: mtu aangalie uzi kabla ya kuvaa.

Dukani ni baridi ya kukata masikio. Dada alikuwa amevua sweta lake, jasho lilimtoka ghafla kule kwenye mapipa, akaliweka kitini. Nililitazama kwa muda. Nakiri niliogopa. Nikafumba macho, nikalivaa, nikasubiri kile kifua. Nikasubiri ile hofu. Hakuna kitu. Joto tu, joto zuri la sufu, na linanienea mabegani kuliko linavyomwenea yeye.

Nimekaa nalo tangu asubuhi. Dada aliliulizia mara moja, kwa sauti ya chini, akasema jasho limemkaukia mwilini na anatetemeka. Nikamwonyesha chumba cha mapipa. Kule kuna moto, kuna mvuke, ni joto siku nzima. Akaenda.